Mwembe umechanua, usiusingizie kikohozi cha mtoto

Agosti ikiingia Tabora mjini, mwembe ndio unaotangulia kusema. Miembe ya Gongoni, Isevya na Ng'ambo iliyokuwa kijani kitupu mwezi Mei inaanza kubadilika rangi. Mashada ya maua madogo, rangi ya maziwa yenye wekundu kwa mbali, yanasimama kwenye ncha za matawi. Harufu yake nzito inaingia hadi vyumbani, na aliyefagia uwanja alfajiri akirudi saa nne anaukuta umejaa tena.

Nchi za baridi watu husubiri maua yao ya kwanza theluji inapoyeyuka. Tabora haina theluji, lakini ina maua yake ya kwanza, nayo huja wakati ambao mgeni hawezi kuyategemea: nyasi zimekauka, visima vimeshuka na mvua za Novemba bado ziko mbali. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa blanketi. Mwembe uliokaa wiki nyingi bila mvua, kisha ukapigwa na baridi hiyo ya usiku, huacha kutoa majani mapya na kuanza kutoa maua. Jakaranda hufuata baadaye, karibu na Oktoba, na mikrismasi yenye maua mekundu husubiri mpaka mwisho wa mwaka.

Pamoja na maua huja maneno. Mtoto akipiga chafya asubuhi na kukohoa usiku, jirani hutazama juu ya mti na kutoa hukumu: "Ni maua hayo, mama. Yakianguka na yeye atapona."

Kauli hiyo husemwa kwa nia njema, na mara nyingi mtoto hupona kweli, kwa kuwa mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Tatizo ni yule mtoto mmoja ambaye kikohozi chake si mafua. Kwake huyo, siku tatu za kusubiri maua yaanguke zinaweza kuwa ndizo siku alizokuwa nazo za kutibiwa akapona.

Mti wa njia ya misafara

Kabla ya kuuhukumu mwembe, ni haki kuujua. Si mti wa asili wa Unyamwezi. Asili yake ni upande wa India, na ulivuka bahari pamoja na biashara. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta watu wakila wali na achari ya embe, kwa hiyo tunda hili lilikuwa limeshaizoea pwani ya Afrika Mashariki karne nyingi kabla ya reli na magari. Kutoka pwani lilipanda bara kwa miguu ya watu: wapagazi wa Kinyamwezi, wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, na watumwa waliofungwa minyororo, kwenye njia iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika.

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Tabora, sehemu waliyoiita Kazeh, Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani. Mwaka 1872 David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, akisubiri wapagazi ambao Henry Morton Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Aliondoka Agosti 25, msimu huu huu. Tembe alimokaa sasa ni makumbusho, na mwaka 2006 Tanzania iliipeleka njia yote hiyo ya watumwa na pembe za ndovu kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Miembe ya zamani inayoonekana kando ya njia husimuliwa kwamba iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na misafara. Mingine ilipandwa makusudi, kwa ajili ya kivuli na chakula. Kivuli hicho kilimpumzisha tajiri wa msafara na aliyefungwa kamba shingoni, na ni vyema watoto wanaoyaokota maembe leo wakasimuliwa habari zote mbili.

Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Tabora mwembe una umri mkubwa kuliko kuta. Chini yake nguo hufuliwa, michembe huanikwa, mtoto mchanga hulazwa kwenye mkeka mama akipepeta mchele. Ukaribu huo ndio unaoufanya usingiziwe kirahisi. Popote mtoto anapougua mwezi Agosti, mwembe uliochanua hauko mbali.

Chavua yake haisafiri na upepo

Ili chavua ya ua imsumbue mtu puani, inabidi ipeperuke hewani kwa wingi. Chavua ya namna hiyo ni nyepesi na kavu, na hutoka zaidi kwenye mimea inayotegemea upepo kama nyasi na mahindi, ambayo maua yake wengi hawayahesabu hata kuwa maua. Mwembe hautegemei upepo. Chavua yake hunata, na husafirishwa na wadudu: nyuki, nyigu, sisimizi, na zaidi ya wote nzi. Ndiyo, nzi wale wale wanaofukuzwa jikoni. Bila wao Desemba ya Tabora isingekuwa na maembe ya kutosha.

Hii haina maana kwamba mwembe hauwezi kumdhuru mtu yeyote. Utomvu wake huwasha na kuchubua midomo ya mtoto anayeng'ata embe bichi bila kulimenya. Mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa kifua na harufu yoyote kali. Wapo pia wenye mzio. Mtoto ambaye kila mwaka, msimu kama huu, hupiga chafya mfululizo, pua ikachuruzika maji mepesi, macho yote mawili yakawasha na mwili usipate homa, huenda kweli ana mzio, na anastahili kuonwa na daktari ili ijulikane unatokana na nini. Lakini mzio wa pua hauchemshi mwili. Wala haumfanyi mtoto wa miezi mitano, aliyekuwa mzima juzi, ashindwe kunyonya leo.

Kinachokohoza watoto Agosti kiko chini zaidi ya matawi. Kuna vumbi la barabara zisizo na lami, na moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa wakati wa kiangazi. Zaidi kuna virusi vya mafua, ambavyo hufurahia usiku wa baridi pale watoto wanne wanapolala chumba kimoja na dirisha limefungwa.

Halafu kuna jiko. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema moshi wa kupikia ndani ya nyumba karibu unaongeza maradufu hatari ya mtoto kupata nimonia. Kwenye kaya nyingi mtoto huvuta moshi huo akiwa mgongoni kwa mama, uso wake ukiwa juu kidogo tu ya sufuria. Kama kuna mtu mwingine nyumbani, ampokee mtoto mpaka ugali uive. Kama hakuna, jiko litolewe uani, chini ya huo mwembe unaolaumiwa. Na jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumba cha kulala ili kupasha joto, hata kama makaa yamefunikwa na majivu. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu wala rangi, na huua familia nzima ikiwa usingizini.

Hesabu pumzi

Nimonia ni maambukizi ya mapafu. Vifuko vidogo vya hewa hujaa majimaji na usaha, mtoto akakosa hewa ya kutosha, na mwili hujaribu kufidia kwa kupumua haraka. WHO inakadiria kwamba mwaka 2019 nimonia iliua watoto 740,180 wenye umri chini ya miaka mitano duniani, sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo. Wengi wao wangepona kwa dawa isiyo ghali kama wangeipata mapema.

Jambo zuri ni kwamba dalili yake kuu haihitaji mashine. Wahudumu wa afya hufundishwa kuihesabu kwa macho na saa, na mzazi mwenye simu mkononi anaweza kufanya hivyo hivyo. Mtoto awe ametulia. Asiwe analia, ananyonya wala anacheza, na akiwa amelala ni rahisi zaidi. Fungua nguo tumbo na kifua vionekane, washa saa ya simu, kisha hesabu kila tumbo linapoinuka kwa dakika moja kamili. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana pumzi za mtoto huenda kwa kasi isiyo sawa.

Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Mtoto mwenye kikohozi anayefikia idadi hiyo apelekwe zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichanga chini ya miezi 2 hupumua kwa kasi kwa kawaida yake, lakini akifika pumzi 60, ukahesabu tena ukapata 60, safari ianze muda huo. Kwa umri huo hata kunyonya kwa kusuasua, homa, au mwili kuwa wa baridi isiyo ya kawaida kunatosha kumpeleka hospitali bila kuhesabu chochote.

Tazama pia sehemu ya chini ya mbavu. Kwa kawaida mtoto akivuta hewa, kifua na tumbo huinuka pamoja. Pale ambapo kila akivuta hewa nyama ya chini ya mbavu inabonyea kwenda ndani, mapafu yanafanya kazi kwa shida, idadi ya pumzi iwe imefika au haijafika. Mtoto anayeshindwa kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, anayelegea na kusinzia kupita kawaida, au anayetoa sauti ya kukwaruza kooni akivuta hewa hali ametulia, si wa kusubiri asubuhi. Bodaboda iitwe.

Homa kwa Tabora huwafanya wengi wafikirie malaria kwanza, na kwa mkoa huu hilo ni wazo sahihi. Apimwe. Lakini kipimo kikionyesha malaria haina maana mapafu yako salama, kwa sababu mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Mzazi akifika zahanati aseme yote: homa imeanza lini, kikohozi kimeanza lini, na amehesabu pumzi ngapi. Ile namba inasaidia kuliko maelezo ya "anakohoa sana". Na kikohozi kilichopita wiki mbili, hata cha mtoto anayecheza na kula vizuri, nacho kionwe. Kinaweza kuwa pumu, au kifua kikuu kutoka kwa mtu mzima wa nyumba hiyo hiyo ambaye naye anakohoa.

Baada ya vipimo, dawa itakayotolewa imalizwe kama ilivyoandikwa. Vidonge vilivyobaki vya kaka yake wa mwaka jana si dawa ya mwaka huu. Kufukiza nako, kwa majani ya mwembe au mkaratusi, ni desturi iliyopata nguvu sana wakati wa korona, lakini kwa mtoto mdogo faida yake haijathibitika na hasara yake inaonekana kwa macho: sufuria la maji yanayochemka, blanketi, na mtoto anayejinyonganyonga. Kuungua kwa maji ya moto kunaweza kumlaza hospitali muda mrefu kuliko kikohozi chenyewe.

Kabla ya yote hayo ipo kadi ya kliniki, ambayo wengi huikumbuka siku ya kumpima uzito tu. Chanjo ya PCV, inayokinga aina kadhaa za vimelea vya nimonia, ilizinduliwa nchini Desemba 2012, na watoto huipata wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Huambatana na ile ya pentavalenti, ambayo ndani yake mna kinga ya kimelea kingine cha nimonia, Hib. Chanjo hizi hazizuii kila nimonia, ila hupunguza zile kali. Mtoto aliyeruka dozi bado anaweza kupangiwa, na nesi wa kliniki hatashangaa kuulizwa.

Asali ya Tabora na mtoto mchanga

Huwezi kuongea habari za maua Tabora ukaacha nyuki. Kabla mvua hazijanyesha, miti ya miombo nayo huanza kutoa majani mekundu na maua, na mizinga iliyotundikwa porini huanza kupata uzito. Mkoa huu, kuanzia Sikonge mpaka Urambo na Kaliua, unajulikana kwa asali nchi nzima, na mjini kuna chuo cha serikali cha kufundisha ufugaji wa nyuki. Kwa hiyo kikohozi kikianza, chupa ya asali haiko mbali, na bibi yupo tayari na kijiko.

Kwa mtoto aliyetimiza mwaka 1, bibi yuko sahihi. Asali hulainisha koo na kupunguza kikohozi cha usiku, na ni salama kuliko dawa nyingi za maji za kikohozi zinazouzwa madukani, ambazo watoto wadogo hawashauriwi kupewa. Nusu kijiko cha chai kabla ya kulala kinamtosha mtoto wa mwaka 1 hadi 5, na kijiko kizima kwa aliyefika miaka 6. Baada ya hapo apige mswaki.

Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, jibu ni hapana. Asilambishwe hata kidogo, asipakwe mdomoni wala kwenye chuchu. Asali, hata ikiwa safi na halisi, inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, anayepatikana pia kwenye udongo. Mtu mzima akizimeza hupita tumboni bila madhara. Utumbo wa mtoto wa miezi mitatu bado haujakomaa kuzizuia, hivyo zinaweza kuota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Madaktari waliutambua ugonjwa huu kwa watoto wachanga kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1976. Hutokea kwa nadra, na huenda ndiyo sababu ni vigumu kuuaminisha kwa bibi aliyelea wajukuu kumi kwa asali. Lakini ukimpata mtoto, huanza kwa kukosa choo, kisha kilio kinafifia, kope zinaning'inia, shingo inalegea na kunyonya kunakuwa taabu, mpaka hata misuli ya kupumulia inachoka. Kuchemsha asali jikoni hakusaidii, maana mbegu hizo huvumilia maji yanayochemka.

Kuna sababu nyingine, ya kila siku, ambayo pengine ni nzito zaidi. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji kitu chochote zaidi ya maziwa ya mama, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Kila kijiko cha kitu kingine, kiwe asali, maji au uji mwepesi, hupunguza hamu ya kunyonya na hufungua mlango wa kuhara. Mtoto mchanga mwenye mafua hutibiwa kwa kunyonyeshwa mara nyingi zaidi na kusafishwa pua ili aweze kunyonya.

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu anayeshika kijiko mara nyingi ni mama mkwe, na mkwe hakatalii mbele ya watu. Njia inayofanya kazi kwenye nyumba nyingi ni kuipokea asali kwa mikono miwili na kuitafutia wakati wake: "Ahsante mama, hii tunamwekea. Nesi ametuambia mpaka atimize mwaka ndipo alambe." Nesi abebe lawama. Baba wa mtoto naye asikae kimya akitazama simu, kwa kuwa neno la kijana kwa mama yake mzazi halina uzito sawa na la mkwe. Mwenye nafasi amchukue bibi waende pamoja kliniki siku ya kupima uzito, akasikie mwenyewe. Wazee wengi wakielezwa na mhudumu kwa heshima, wao ndio hugeuka walinzi wakali kuliko wote.

Maua yakianguka

Wiki chache baada ya kuchanua, maua huanza kudondoka kwa wingi, na hapo wengine huingiwa na wasiwasi kwamba mti unaumwa. Shada moja hubeba maua mamia, hata maelfu. Mengi ni ya kiume, hayazai kabisa, na yanayobaki ni machache mno yanayofika kuwa embe. Ukiona shada limebakiza matunda mawili, mti umefanya kazi yake. Ugonjwa wa ubwiri unga upo, nao hufunika maua kwa unga mweupe mpaka yakakauka, lakini hata huo ni wa kumwita bwana shamba kwanza.

Hili linasemwa kwa sababu Tabora ni mkoa wa tumbaku. Masalia ya dawa ya shambani hayakosekani, na kishawishi cha kuyapuliza kwenye mwembe wa uani ni kikubwa. Dawa hiyo huua nzi na nyuki wanaobeba chavua, na upepo huishusha kwenye kichanja cha vyombo, kwenye kamba ya nguo na kwenye mkeka wa mtoto. Kibaya zaidi ni chupa. Dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda au ya maji, ikawekwa chini ya kitanda, mtoto wa miaka miwili hawezi kuitofautisha na soda yenyewe. Ibaki kwenye chombo chake chenye maandishi, ifungiwe juu mbali na chakula. Mtoto akiinywa, asitapishwe wala asinyweshwe maziwa. Akimbizwe hospitali pamoja na hicho chombo, ili daktari ajue ni sumu gani.

Kutoka ua mpaka embe lililoiva huchukua takriban miezi mitatu na nusu hadi mitano, ndiyo maana maua ya Agosti huliwa kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka Januari. Msimu huo unakutana na Desemba, ambayo pamoja na Juni ndiyo miezi ya matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Embe lililoiva lina kiini cha vitamini hiyo hiyo, lakini halichukui nafasi ya matone, na matone hayachukui nafasi ya embe.

Mtoto anayezaliwa wiki hii, mwembe ukiwa umechanua, atakuwa na miezi minne maembe yakiiva. Hatayala msimu huu. Mama yake ndiye atakayeyala, naye atayapata kwenye maziwa. Akitimiza miezi 6, Februari, atakuta maembe yamekwisha au ndiyo ya mwisho mwisho sokoni, na ataanza na uji, viazi lishe na papai lililopondwa. Mwembe ukichanua tena Agosti ijayo atakuwa ametimiza mwaka, na ile chupa ya asali ya bibi iliyowekwa juu ya kabati inaweza kushushwa.